Nani Anamsoma Nani? Safari ya Ulemavu Kutoka Wodini Hadi Darasani

Hebu fanya jaribio dogo kabla hatujaanza. Chukua orodha ya kozi za chuo kikuu chochote unachokifahamu hapa Afrika Mashariki, halafu tafuta ni wapi wanafundisha habari za ulemavu. Mara nyingi utaangukia sehemu tatu: tiba, elimu maalumu na ustawi wa jamii. Sasa jaribu idara ya historia. Jaribu fasihi. Jaribu falsafa. Unaona? Kimya.

Maana yake ni kwamba mtu mwenye ulemavu anaingia kwenye mitaala yetu akiwa mgonjwa wa kutibiwa, mtoto wa kufundishwa kwa njia yake, au mhitaji wa kusaidiwa. Sina ugomvi na kazi hizo. Anayefundisha breli au anayetengeneza mguu wa bandia anafanya kazi ambayo sisi watu wa nadharia hatuiwezi. Lakini kuna maswali ambayo idara hizo hazikuundwa kuyauliza. Ulemavu una historia? Mtu anaweza kuwa kiziwi kwa namna ileile mwenzake alivyo Mhaya au Mluo, yaani kwa lugha, utani, hadithi na watu wa kwao? Na je, kinachomzuia mwenye kiti cha magurudumu asifike ghorofa ya pili ni miguu yake, au ni yule aliyechora ramani ya jengo?

Leo kuna vyuo vikuu ambako unaweza kupewa shahada ya uzamivu kwa kuhangaika na maswali hayo tu. Fani yenyewe, tuiite Taaluma ya Ulemavu, ni changa, ukiihesabu tangu kozi yake ya kwanza ina umri wa mtu mzima wa makamo. Na kama unadhani ilizaliwa na maprofesa, hapana. Ilizaliwa na watu waliochoka kufanyiwa utafiti.

Waliita watafiti, wakapata kupe

Twende Uingereza, mkoa wa Hampshire, kwenye nyumba kubwa iitwayo Le Court. Ilikuwa ya kwanza kati ya makao yaliyoanzishwa na Leonard Cheshire, rubani maarufu wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa mwili. Jina la Cheshire huenda umelisikia hata hapa kwetu, maana makao yenye jina hilo yalifika Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka 1956 aliingia hapo kijana wa miaka 19, Paul Hunt, mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli. Angekaa hapo zaidi ya miaka kumi. Wakazi wa Le Court hawakuwa watu wa kunyamaza. Waligombana na uongozi kwa mambo ambayo wewe na mimi hatuyafikirii hata kidogo: nani anaamua saa yangu ya kulala, kwa nini nisinywe bia, kwa nini mapenzi yawe kosa, kwa nini niombe ruhusa kutoka nje. Watu wazima hao, si watoto wa bweni.

Wakaona sayansi inaweza kuwasaidia. Wao wenyewe wakaomba waletewe watafiti, wakiamini kwamba mtu wa nje, mwenye macho huru, akiona wanavyoishi atasema ukweli na uongozi utaaibika. Wakaja wawili kutoka Taasisi ya Tavistock ya London, Eric Miller na Geraldine Gwynne. Kazi ikafanyika katikati ya miaka ya 1960 na kitabu kikatoka 1972.

Kitabu kilisema nini? Kwamba jamii, kwa kumpeleka mtu kwenye makao ya aina ile, imekwisha mhesabu kuwa amekufa kijamii. Na kwamba kazi ya makao hayo ni kumsaidia avuke salama kutoka kifo hicho cha kijamii hadi kifo chenyewe. Kisha wakapendekeza namna bora ya kuendesha makao.

Soma tena hapo. Watafiti waliliona tatizo kwa usahihi kabisa: hawa ni watu waliozikwa wakiwa hai. Baada ya kuliona, wakashauri namna ya kulitunza vizuri kaburi.

Hunt hakusamehe. Katika makala iliyochapishwa 1981, miaka miwili baada ya yeye kufariki, aliwaita watafiti wale watu vimelea. Kwa Kiswahili tungesema kupe, neno ambalo wazee wetu wa enzi za Azimio la Arusha wangelielewa bila kufafanuliwa. Hoja yake haikuwa kwamba walikuwa na roho mbaya. Hoja ilikuwa kwamba walijidai hawaegemei upande wowote, wakati swali walilolichagua lilikuwa limeshaegemea. Ukiuliza "makao yaendeshwe vipi?" umekwisha kubali kwamba makao yawepo. Kwa sisi tunaoandika mapendekezo ya utafiti kila siku, makala ile ingefaa kusomwa kabla ya ile semina ya mbinu za utafiti, siyo baada yake.

Kwa hiyo tarehe 20 Septemba 1972 gazeti la The Guardian lilitoa barua fupi ya Hunt. Alikuwa ameshatoka Le Court, ameoa. Alisema watu wenye ulemavu mkubwa wanafungiwa kwenye taasisi zisizowafaa, akawaita wenzake waunde umoja wao wenyewe. Wakajitokeza. Ndipo ukazaliwa umoja uliojulikana kwa kifupi kama UPIAS, na kwa miaka ya mwanzo mijadala yake ilikwenda kwa waraka uliozungushwa kwa posta, mmoja anaandika, mwingine anajibu. Wengi wao wasingeweza kukutana kirahisi. Basi na treni hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili yao.

Mwaka 1976 wakatoa waraka uliotenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna hali ya mwili: mguu uliopooza, jicho lisiloona. Halafu kuna kile jamii inachokiongeza juu yake: ngazi, dharau, kunyimwa kazi, kufungiwa. Hiki cha pili ndicho walichokiita ulemavu. Mwili haukulemazi. Jamii ndiyo inayokulemaza.

Hapa Kiswahili chetu kina zawadi ambayo sijui kwa nini hatuitumii. Tuna kitenzi kulemaza, na kauli yake ya kutendwa, kulemazwa. Waingereza walihangaika sana kueleza tofauti hiyo kwa lugha yao. Sisi tungesema tu: huyu ana miguu isiyotembea, na kazini wamemlemaza. Maneno yamekwisha. Badala yake tumeshikilia "mtu mwenye ulemavu", usemi wa heshima na mimi pia ninautumia humu, lakini ukiuangalia kwa makini unairudisha ile mali kwa mwenyewe: ana ulemavu kama anavyokuwa na ng'ombe. Mwanachama wa UPIAS angekuuliza, "Kaupata wapi? Nani alimpa?"

Mfungwa kutoka Durban

Miongoni mwa walioitikia barua ya Hunt alikuwapo mtu aliyeijua Afrika. Vic Finkelstein alikulia Durban, Afrika Kusini. Alivunjika shingo akiwa kijana katika mchezo wa kuruka kwa upondo, akawa mtumiaji wa kiti cha magurudumu. Baadaye akaingia kwenye harakati dhidi ya ubaguzi wa rangi, akakamatwa, akafungwa. Alipotoka akapewa ile amri ya serikali ya makaburu iliyomzuia mtu kwa miaka mitano asiende mahali fulani wala asikutane na watu fulani.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi amri ile ilivyomfungua macho. Alipoisoma orodha ya mahali alipokatazwa, akagundua kwamba sehemu nyingi alikuwa hawezi kuingia hata kabla ya amri. Ngazi zilikuwa zimeshampiga marufuku zamani. Tofauti ni kwamba ile ya makaburu ilikuwa na muhuri na ilikuwa na mwisho.

Mwaka 1968 akafika Uingereza kama mkimbizi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mtazamo wa kijamii kuhusu ulemavu ni kitu cha kuletwa kutoka Ulaya, mwambie taratibu: nusu ya wazo hilo lilipikwa chini ya ubaguzi wa rangi, huku kwetu Afrika. Kwa Finkelstein haikuwa ngumu kuelewa kwamba unaweza kumtenga mtu kwa sheria, kwa majengo na kwa shule za peke yake, halafu ukasema ni maumbile.

Yeye ndiye aliyeshiriki kuileta hoja hii chuoni. Mwaka 1975 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzisha kozi kuhusu mtu mwenye ulemavu katika jamii, na Finkelstein alikuwa mmoja wa waliofanya kazi nayo na kuibadilisha taratibu. Jina la mwanzo lilimtazama mtu mwenyewe na kasoro yake. Kufikia miaka ya 1990 kozi hiyo ilikuwa imepewa jina jipya lenye maana ya "jamii inayolemaza". Kubadilisha jina la kozi chuoni ni kazi ya vikao visivyohesabika, aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua.

Na si bahati tu kwamba ilianzia chuo huria. Ni chuo cha kusomea nyumbani, kwa vitabu vilivyokuja kwa posta na vipindi vya redio na televisheni, kama kile tulichokipata Tanzania kwa sheria ya 1992. Haikuwepo ngazi ya kupanda. Wanafunzi waliofungiwa nje ya vyuo vingine wangeweza kusoma kozi iliyoeleza kwa nini wamefungiwa nje.

Mwaka 1983 Mike Oliver, mwanasosholojia aliyevunjika shingo kwenye ajali ya kuogelea, alikipa kitu hiki jina lililodumu: mtazamo wa kijamii. Baadaye akawa profesa wa kwanza wa Taaluma ya Ulemavu nchini humo, katika Chuo Kikuu cha Greenwich. Yeye pia aliendeleza kesi ya Hunt dhidi ya kupe, akitaka utafiti ambao wanaotafitiwa ndio wanaoshika usukani.

Mwanahistoria aliyechoma kitabu chake

Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kule kulikuwa na wanasosholojia kama Irving Zola, aliyeugua polio, ambaye mwaka 1982 na wenzake waliunda chama cha wanazuoni wa ulemavu. Kulikuwa na Ed Roberts na wenzake wa Berkeley, wanafunzi waliolazwa hospitali ya chuo kwa sababu hakukuwa na bweni la kuwachukua, na wakaigeuza wodi kuwa kituo cha siasa. Hao wameandikwa sana. Ninayetaka umjue ni Paul Longmore.

Longmore alipata polio mwaka 1953 akiwa na miaka saba. Mikono yake haikufanya kazi, aliandika kwa kubonyeza taipureta kwa kalamu aliyoishika mdomoni. Alihitaji mashine ya kumsaidia kupumua sehemu ya siku na usiku mzima. Kwa miaka ipatayo kumi alikiandika hivyo, herufi moja moja, kitabu chake kuhusu George Washington. Kikatoka 1988 kwa mchapishaji wa chuo kikuu, kikapokelewa vizuri.

Sasa sikiliza. Serikali ndiyo iliyokuwa inalipia mashine na wasaidizi wake. Bila hivyo angekufa. Lakini kanuni za msaada huo zilisema mrabaha wa kitabu si mapato ya kazi, ni kama faida ya kukaa tu. Na ukipata "faida" hiyo, msaada unaweza kukatwa. Ruzuku za utafiti nazo zilimletea balaa lilelile. Yaani mfumo uliosema unamsaidia ulimpa masharti mawili: usifanye kazi, au usipumue.

Oktoba 1988 Longmore akaenda mbele ya jengo la serikali kuu mjini Los Angeles, waandishi na wanaharakati wakiwapo, akaweka kitabu chake kwenye jiko la kuchomea nyama na kukitia moto. Mwanahistoria anachoma kitabu! Na ni chake mwenyewe. Kanuni ya mrabaha ilikuja kurekebishwa baadaye, na wanaharakati wakaliita rekebisho hilo kwa jina lake.

Kwa nini nakusimulia hili kwenye makala ya sayansi? Kwa sababu linaonyesha maarifa yanavyozuiwa kabla hayajaandikwa. Tukiuliza kwa nini hakukuwa na wanahistoria wenye ulemavu, jibu moja liko ndani ya fomu za msaada. Na tazama kilichotokea walipopatikana. Mwaka 2000 Longmore na mwenzake David Goldberger walichapisha makala kuhusu vijana wa New York, wengi wao waliougua polio, ambao Mei 1935 walivamia ofisi ya misaada na kukaa humo kwa siku tisa. Kosa lao kwa serikali ni kwamba walitaka kazi. Miradi ya ajira ya Rais Roosevelt ilikuwa ikiwapanga watu wa aina yao kwenye kundi la wasioajirika. Rais mwenyewe, kumbuka, alikuwa hawezi kutembea bila kusaidiwa. Harakati zao zilizaa ajira zipatazo 1,500. Kumbukumbu zilikuwepo miaka yote hiyo. Hakuwepo wa kuziona kuwa ni historia.

Lakini huo ni utamaduni?

Kama wewe ni msomaji makini utakuwa umeshanikata kauli: sawa, nimeelewa kuhusu vizuizi na haki. Ila jengo lisilo na mteremko si utamaduni. Na kweli mtazamo wa kijamii, ukiuchukua peke yake, haukuahidi utambulisho wowote. Ondoa vizuizi vyote, ulemavu umekwisha, watu warudi nyumbani.

Upande wa utamaduni ulifunguliwa na viziwi. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba alama walizotumia wanafunzi wake hazikuwa uigizaji wa mikono. Zilikuwa na vipashio vidogo, umbo la mkono, mahali, mwendo, vinavyoungana kuunda maneno kama sauti zinavyofanya. Ilikuwa lugha kamili. Wenzake wengi walimcheka, na hata baadhi ya viziwi hawakumwelewa, kwa sababu tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, shule nyingi ziliwafundisha watoto kwamba mikono ni aibu na midomo ndiyo ustaarabu. Mwaka 1965 Stokoe na wenzake wawili viziwi, Carl Croneberg na Dorothy Casterline, wakatoa kamusi, na Croneberg akaweka humo maelezo ya viziwi kama jamii yenye utamaduni wake.

Ukishakuwa na lugha, mlango unafunguka. Lugha ina wazungumzaji, wazungumzaji wana hadithi, vichekesho, adabu za kusalimiana. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Nora Groce alionyesha kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako uziwi wa kurithi uliwafanya viziwi kuwa mmoja kwa kila watu 155 katika karne ya 19. Wenye kusikia nao walijua lugha ya alama. Wavuvi waliitumia kutoka mashua hadi mashua. Wazee aliowahoji, wakiulizwa kuhusu fulani na fulani, walianza kutaja kwamba alikuwa mvuvi hodari, na uziwi wakaukumbuka baadaye. Kiziwi wa mwisho wa ukoo huo alifariki 1952. Hapo ndipo hoja ya UPIAS inapopata ushahidi wa historia: mwili uleule, jamii nyingine, na ulemavu haupo.

Kisha ikaja Machi 1988. Gallaudet ilikuwa na miaka 124 na haijawahi kuwa na rais kiziwi. Bodi ikawa na majina matatu, wawili viziwi na mmoja anayesikia ambaye hakujua lugha ya alama. Ikamchagua huyo wa tatu. Wanafunzi wakafunga mageti, wakaandamana hadi bungeni, na ndani ya wiki moja aliyechaguliwa akajiuzulu na nafasi ikaenda kwa I. King Jordan, mkuu wa kitivo, kiziwi. Walidai rais wa kwao kama taifa dogo linavyodai. Mtu hadai rais wa wagonjwa wenzake.

Baada ya hapo ndipo wengine wakaanza kuuliza: na sisi je? Longmore aliandika 1995 kwamba harakati zimeingia hatua ya pili, kutoka kutafuta haki hadi kujijua sisi ni nani. Vyuo vikafuata. Syracuse walianzisha programu katikati ya miaka hiyo, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, kikaanza kutoa shahada ya uzamivu.

Maswali magumu hayakuisha, na ningekuwa nakudanganya nikisema fani hii imekaa vizuri. Asiyeona na mwenye kiti cha magurudumu wana utamaduni gani wa pamoja? Viziwi wengi wanakataa kabisa kuitwa walemavu, wanasema wao ni kabila la lugha. Mwandishi Liz Crow alikumbusha kwamba hata ukivunja ngazi zote duniani, maumivu ya mwili wake yatabaki. Nadhani ana haki, na nadhani wanaume walioandika nadharia ya mwanzo waliogopa kuutaja mwili kwa sababu madaktari walikuwa wameutumia kama fimbo. Mwaka 2006 Chris Bell, msomi mweusi, aliitazama fani nzima na kusema ni taaluma ya ulemavu wa wazungu. Akapendekeza kwa kejeli ibadilishwe jina iwe hivyo rasmi.

Sasa turudi huku

Lawama ya Bell inatugusa moja kwa moja. Tuna ushahidi wetu, ila umelala. Katika kitabu cha 1995 kuhusu ulemavu na utamaduni, kilichohaririwa na Benedicte Ingstad na Susan Reynolds Whyte, Aud Talle aliandika kuhusu Wamasai wa Kenya na jinsi mtoto, vyovyote alivyozaliwa, anavyohesabiwa kwanza kuwa mtoto. Wahariri walitoa hoja ambayo Mswahili anaweza kuipima mwenyewe: katika lugha nyingi hakuna kapu moja linalowabeba wote. Kuna kiziwi, kuna kipofu, kuna kiwete, kila mmoja na lake. "Watu wenye ulemavu" kama kundi moja ni zao la sera, fomu na takwimu.

Tena kuna ule mjadala wa ki-. Utasikia ikisemwa kwamba kiziwi na kipofu ni matusi kwa sababu ngeli yake ni ya vitu, basi tuseme asiyesikia na asiyeona. Naielewa nia, ila sarufi haiungi mkono. Kiongozi naye ana ki-, kijana pia, na hakuna anayelalamika. Tunasema kiziwi amefika, siyo kimefika. Na wenyewe wanasemaje? Chama chao Tanzania kinaitwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Hawakujiita wasiosikia. Kukaa na neno hilo, na kuliandika kwenye bango la ofisi, ni uamuzi wa utambulisho hasa, uleule wanaousomea PhD huko Chicago. Kwa upande mwingine watu wenye ualbino wamelikataa neno la zamani, na katika kizazi kimoja tumeona lugha ya magazeti ikibadilika kwa sababu yao. Kila kundi limeamua lake. Historia ya maamuzi hayo haijaandikwa.

Halafu tuna "hujafa hujaumbika". Umeshaambiwa hivyo tangu utotoni, ukicheka mtu. Wengi wanaisikia kama onyo: usicheke, yatakupata. Lakini irudie polepole. Inasema hakuna mwili uliokamilika, wako bado uko kwenye kuumbwa. Wanazuoni wa huko wametumia kurasa nyingi kufikia hapo, nasi tunaitumia kunyamazisha watoto.

Na shule zetu. Thika walianza kufundisha wasioona 1946, Buigiri mkoani Dodoma 1950, Tabora ya viziwi 1963, zote kwa mkono wa makanisa. Tunazijua kama historia ya wema. Kwa mtoto kiziwi zilikuwa pia mahali pa kwanza kukutana na mwingine kama yeye, na lugha huzaliwa hapo, bwenini usiku, hata kama darasani mwalimu anakataza mikono. Muulize yeyote anayechunguza lugha za alama, atakwambia hivyo.

Ufundishaji huo ulisukumwa Afrika na mtu mmoja kuliko wengi: Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama aliyekuwa kiziwi akiwa na miaka 11. Gallaudet walimkubali baada ya kumkataa mara kadhaa, akahitimu 1954, wa kwanza mweusi kupata shahada hapo. Alianza Ghana 1957 na kufungua shule zaidi ya thelathini katika nchi nyingi za bara hili. Aliwaonyesha watoto mtu mzima kiziwi, msomi, mweusi kama wao. Pia alikuja na alama za Kimarekani, na hadi leo wataalamu wanabishana ni kiasi gani zilizima zile za wenyeji. Alifariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, Desemba 1987, miezi mitatu tu kabla ya wanafunzi wa chuo chake kufunga yale mageti.

Dalili zipo. Katiba ya Uganda ya 1995 ilitaja lugha ya alama, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya tangu 1991, na Katiba ya 2010 ikaifanya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. (Kenya wanasema ishara, Tanzania alama. Tuwaachie BAKITA na wenzao.) Kyambogo kuna idara yenye neno ulemavu kwenye jina lake, Cape Town wanatoa masomo ya uzamili.

Kinachokosekana ni jambo dogo na la haraka. Mtoto aliyeingia Tabora 1963 akiwa na miaka saba amezaliwa 1956. Anajua alama walizozibuni wenyewe, nani aliwatania nani, mwalimu gani alipiga mikono, nani alikimbia. Hakuna jalada la nyaraka litakalokupa hayo, kwa sababu hayakuwahi kusemwa kwa sauti wala kuandikwa. Yapo kwenye mikono yake. Mwanafunzi wa historia atakayetaka kumhoji itabidi kwanza ajifunze lugha yake, mwaka mmoja au miwili kabla ya kuwasha kamera, na fomu ya maombi ya ruzuku niliyo nayo hapa mezani haina mstari wa gharama hiyo.